Alama Haisomeki

Dirisha namba tatu, hapo ndipo nilipo,
kati ya pangaboi lisilozunguka
na kabati la chuma lenye majalada ya vijiji vyote.
Miaka kumi na mmoja nagonga muhuri.
Hata nikilala mkono hupanda, hushuka.

Alifika Jumanne kabla hatujafagia,
vumbi la Handali limempanda hadi magotini.
Mbukwa, akasema. Mbukwa mama, nikaitika,
kisha nikarudi kwenye Kiswahili cha serikali:
jina, kijiji, kitongoji, namba ya upimaji.

Sechelela Mchiwa, mjane wa Lechipya Ndalu.
Muhtasari wa kijiji ameukunja ndani ya mfuko wa chumvi
pamoja na picha mbili ndogo
na risiti yenye doa la mlenda.
Ekari tatu na robo.
Mipaka yako, mama? Nilikuwa nayo mbele yangu,
ila utaratibu unataka itoke mdomoni mwa mwenyewe.

Mashariki, akaanza, minyaa ya mkwe wangu,
aliipanda mwaka wa njaa, watu wakamcheka
kwamba anazungushia ukame uzio.
Kaskazini ni korongo, lakini andika kwamba linahama,
mvua ya mwaka juzi limetumega hatua sita.
Magharibi ni kwa Mheta. Tuligombana miaka minne,
tukapatana, tukala mbuzi palepale mpakani.
Mifupa tuliizika. Ukichimba utaiona.
Kusini,
kusini ni pale alipolala mtoto wangu wa pili.

Nikaandika: Kusini, njia ya miguu.
Ndivyo ramani ilivyosema,
na kile kisanduku kwenye fomu kina upana wa vidole vinne.
Mtoto hakuenea.

Sasa kidole gumba, mama. Weka hapa kwenye kioo.

Mashine hii tumeletewa mwezi wa tatu,
tukafundishwa siku mbili, tukapewa soda.
Ikikujua huwasha kijani.
Ikawasha nyekundu.
Akajifuta kwa khanga, akaweka tena: nyekundu.
Cha shahada. Cha kati. Mkono wa kushoto.
Vidole kumi, na nyekundu kumi,
na nyuma yake foleni imeanza kukohoa.

Nikamshika mkono nikauangalia.
Laini, jamani, laini kama jiwe la kusagia,
laini ya kitu kilichosuguliwa arobaini na tano za masika
na mpini uleule.
Kwenye kioo yakatokea maneno: ALAMA HAISOMEKI.
Nikamsomea. Sikujua niyasome kwa sauti gani.

Akacheka, nikaona pengo la meno ya chini.
Mistari yangu iko kule, mwanangu,
imejaa tele. Nendeni mkaisome kwenye matuta.

Mimi mashine hainisumbui. Hunitambua hata nikiwa na jasho,
mimi niliyepanga chumba Buigiri,
niliyelipia kiwanja Nala nikaonyeshwa
risiti ya mwingine, ya tarehe ya nyuma, yenye muhuri mzuri
kuliko wangu.

Basi nikafungua droo ya chini,
nikatoa kile kidau cha wino tulichoambiwa tukitupe.
Akabonyeza. Juu ya karatasi likabaki duara la zambarau,
halina mstari, halina njia,
kama bwawa lililotulia.
Nikagonga muhuri pembeni yake. Kwa mara ya kwanza
niligonga taratibu.

Akarudisha hati kwenye mfuko wa chumvi, akafunga fundo.
Alipoondoka nikakuta karanga juu ya meza,
gao moja, na maganda yake.
Haturuhusiwi. Kuna tangazo ukutani, nimelibandika mimi.
Nikazisukumia kwenye droo ya fomu zilizokosewa.

Jioni, ofisi tupu, nikamenya moja.
Udongo ukanibaki kwenye kidole gumba,
ukaingia mstari hadi mstari,
na yote ikaonekana, myembamba, myekundu,
mingi kuliko nilivyodhani.